Filamu yetu ya darasani tuipe umri gani, 12, 15 au 18? Kundi zima hatuelewani

fremu_moja:
Habari za saa hizi wadau. Naombeni mawazo yenu maana kwenye kundi letu tumebishana mpaka sasa hivi watu hawaongei vizuri. Sisi ni wanafunzi, tumepewa kazi ya kutengeneza filamu fupi pamoja na ripoti yake, na kwenye ripoti kuna sehemu unatakiwa useme filamu yako inafaa watu wa umri gani na kwanini, na mwalimu keshasema hataki kuona namba tupu, anataka sababu na hizo sababu azione ndani ya filamu yenyewe.

Filamu ni ya dakika tisa hivi. Inamhusu msichana wa sekondari, tumempa jina Zuhura, wenzake wanamrekodi video ya kumdhalilisha wanaisambaza kwenye magrupu, basi anaanza kujitenga na watu, rafiki yake ndo anashtuka kwamba kuna kitu hakiko sawa anaanza kumtafuta. Mwisho wanamkuta yuko hai, hilo niliseme mapema. Vitu vinavyoleta ubishi ni vitatu. Kuna sini ya chooni wanampiga, damu sio nyingi, inatoka puani tu, ila kuna sauti ya kichwa kugonga sinki na jamaa yetu wa sauti kaitengeneza vizuri kiasi kwamba kila tuliyemuonesha anaruka kwenye kiti. Pili kuna tusi moja zito, la nguoni kabisa, linatamkwa mara moja na yule kiongozi wa wale wasichana. Tatu ni vidonge, Zuhura yuko chumbani kwake anafungua boksi la dawa, kamera iko karibu kabisa na mikono, anavitoa kimoja kimoja anavipanga juu ya shuka, alafu tunakata tunaenda kwa rafiki yake anapandisha ngazi mbio.

Dairekta wetu anataka 18, anasema hii ni thriller nzito na 18 kwenye posta inawaambia watu hatufanyi mchezo. Mhariri anataka 12 kwasababu anasema wanaoonewa sana ni wale wa madarasa ya chini na wao ndo wanatakiwa waione. Mimi nimesimama kwenye 15 lakini nikiulizwa sababu naishia kusema "iko katikati", na najua hilo sio jibu. Mwalimu katuruhusu kutumia mfumo wa nchi yoyote, tumechagua wa Uingereza, ile bodi yao ya BBFC, kwasababu miongozo yao iko mtandaoni bure na imeandikwa kwa lugha ya kueleweka. Mnaonaje? Na mnisaidie namna ya kuipanga hoja, sio namba tu.

mkasi_na_gundi:
Karibu sana mkuu, na hongereni kwa mada mliyochagua. Kwa ulivyoeleza mimi naiona 15, ila twende taratibu maana namba inatakiwa itoke kwenye filamu, msiichague kwanza alafu mkaanza kuitafutia sababu.

Fanyeni hivi, kaeni wote wanne muangalie filamu mwanzo mwisho bila kusimamisha. Alafu muirudie na karatasi, kila kitu kinachoweza kumgusa mtoto kiandikwe na dakika yake. BBFC wenyewe wanaangalia mambo yanayojulikana, ukatili, vitisho, lugha, dawa za kulevya, ngono, utupu, ubaguzi, na tabia hatarishi ambazo mtu anaweza kuziiga, alafu juu ya hapo wanaangalia mada kwa ujumla, hali inayobaki kwa mtazamaji, na muktadha. Kwahiyo kila mnachokiandika kiulizeni maswali. Kinachukua muda gani? Kamera iko karibu au mbali? Tunaona kitendo au tunaona matokeo yake? Nani anafanya, na filamu inamsifia au inamlaumu? Mtazamaji anapewa nafasi ya kupumua baadae au anaachwa pale pale?

Mkimaliza hio karatasi mtaona ubishi wenyewe unapungua, kwasababu mtakuwa mnaongelea sekunde fulani badala ya kuongelea nani ni mtu serious na nani sio.

Kuhusu mada, kuonewa shuleni hakuifanyi filamu iwe ya wakubwa. Mada nzito inaweza ikaingia hata kwenye daraja la chini, kinachotazamwa ni imeoneshwaje. Ile ya kichwa na sinki ndo ingekuwa wasiwasi wangu mkubwa kwenye upande wa ukatili. Kwenye 12 ukatili wa wastani unaruhusiwa ila kamera isikae kwenye majeraha na damu isitiliwe mkazo. Kwenye 15 ukatili unaweza kuwa mkali, ila usikae kwenye kuumiza na maumivu. Sasa nyie damu ni kidogo lakini sauti inafanya kazi ambayo picha haikuifanya, na watu wengi wakipima ukatili wanahesabu damu tu wanasahau masikio. Kama kila mtu anaruka kwenye kiti basi iandikeni hio kwenye ripoti, ni ushahidi mzuri tu.

sinema_kwanza:
Mimi niko na dairekta bana. Msanii hatakiwi kuanza kujipunguza kabla hata kazi haijaisha. Ukishaweka 18 uko huru, unaonesha uonevu kama ulivyo, na uonevu ni kitu kibaya kwanini tuufanye laini? Alafu tuwe wakweli, hii ni filamu ya darasa, nani atasimama mlangoni kukagua miaka? Posta yenye 18 inavuta watu, hilo kila mtu analijua. Mkiweka 12 watu watadhani ni katuni.

mkasi_na_gundi:
@sinema_kwanza nakuelewa mkuu na hilo la kutoulainisha uonevu nakubaliana nalo kabisa, ila angalia hapa. Walengwa wao ni nani? Ni wanafunzi wa sekondari. Kwa mfumo waliouchagua 18 maana yake chini ya miaka kumi na nane haingii ukumbini, hata akija na mama yake. Kwahiyo yule binti aliyeigiza kama Zuhura, kama ana miaka 16, haruhusiwi kuiona kazi yake mwenyewe, na wale wanaorekodi wenzao vyooni nao hawaruhusiwi, wanaobaki ni watu wazima ambao hawako kwenye hayo magrupu. Sasa filamu inakuwa inaongea na nani?

Alafu kuna kingine, 18 inataka iwe na kitu cha kuifanya 18. Mwalimu akisoma 18 alafu akaangalia filamu akakuta damu ya puani na tusi moja, swali lake la kwanza litakuwa umesoma miongozo au hujasoma. Kuweka umri mkubwa kuliko filamu yenyewe nako ni kukosea daraja, sawa na kuweka mdogo.

mzazi_mtazamaji:
Samahanini vijana, mimi sio mtu wa filamu, ni mzazi na nimewahi kufundisha, nimepita tu nikasoma swali nikashindwa kuondoka bila kusema kitu.

Mmeongelea sana tusi na damu, mimi mwili umesisimka kwenye vidonge. Mwanangu fremu_moja hio sini naomba muiangalie tena kabla hamjafikiria namba yoyote. Kijana aliyeko kwenye hali kama ya Zuhura akiiangalia hataona hadithi, ataona namna ya kufanya. Boksi, vidonge vimoja vimoja, vimepangwa, kamera iko karibu, na kama jina la dawa linasomeka kwenye boksi ndo mbaya zaidi. Na huyo kijana sio lazima awe na miaka 11, anaweza akawa na 17 kwahiyo hata mkiweka 15 au 18 shida iko pale pale.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 mahsusi kwa watengeneza filamu na watu wa jukwaani kuhusu jambo la kujiua, na moja ya mambo wanayosisitiza ni kutoonesha njia yenyewe wala kuielezea kwa undani, na badala yake kuonesha mtu anayepata msaada, anayeongea na mwenzake, anayevuka kile kipindi. Filamu yenu hilo la pili mnalo tayari, rafiki anamtafuta, anapatikana hai. Hio ni nguvu kubwa sana. Msiiharibu kwa mikono na vidonge.

Mkiniuliza mimi oneni mlango wake umefungwa. Sauti ya bomba la maji ndani. Simu yake iko nje ya mlango kwenye sakafu inaita na hakuna anayepokea. Mtazamaji ataelewa, na wala hatajifunza kitu ambacho hatakiwi kujifunza. Na mwishoni wekeni maneno ya kumwambia mtazamaji kwamba kama anapitia hali kama hii aongee na mtu mzima anayemuamini au apige namba ya msaada ya nchi yake. Hata kama ni filamu ya maksi, itaangaliwa na watoto wa watu.

mpenda_kanuni:
Mama hapo juu kasema kitu cha msingi sana, na kwenye miongozo ya BBFC kipo hivyo hivyo. Hata kwenye 15, tabia hatarishi kama kujiua na kujidhuru filamu haitakiwi kukaa kwenye undani ambao mtu anaweza kuunakili. Kwahiyo sini ya vidonge kama ilivyo sasa hivi, kamera karibu na kuhesabu, inaweza kuwatoa kwenye 15 kabisa wakati vitu vingine vyote vinawaweka 15 vizuri tu. Mkikata kama alivyoshauri mnabaki na kudokeza tu, na filamu haipotezi kitu.

Naomba niongezee kuhusu tusi maana naona limepitwa haraka. Tusi moja haliamui kila mahali sawasawa. Kwa Uingereza kwenye 12 tusi zito linaweza kupita, inategemea linatamkwaje, nani anatamka, mara ngapi, na kuna sababu gani. Tusi linalomtoka mtu aliyejigonga kidole ni tofauti na tusi ambalo msichana anamtupia mwenzake usoni akiwa kamshika nywele, hilo la pili ni silaha, lina uzito mwingine. Marekani wao kwa PG-13, daraja la kuwaonya wazazi wa walio chini ya miaka 13, wana utaratibu kwamba lile tusi lao kubwa likitamkwa zaidi ya mara moja kwa kawaida filamu inapanda kwenye R, daraja lao la juu ya hapo, na likitumika kwa maana ya ngono hata mara moja tu linaipandisha. Kwahiyo kama tusi lenu ni moja, limetumika kwa kudhalilisha, mi naliona linasukuma kuelekea 15 likichanganywa na ile sini ya chooni, lenyewe peke yake lisingetosha.

Alafu msichanganye mifumo kwenye ripoti, naona wengi wanafanya hivyo, aya ya kwanza 15, aya ya pili R, kama vile ni kitu kimoja. Sio kimoja. 15 ya Uingereza ni mlango umefungwa kwa walio chini ya umri ukumbini. R ya Marekani chini ya miaka 17 anaingia akiwa na mzazi au mlezi. 12A ya Uingereza, iliyoanza mwaka 2002, mtoto chini ya miaka 12 anaingia akiwa na mtu mzima. Kenya madaraja ni GE (ya watu wote), PG (kwa uangalizi wa mzazi), 16 na 18, hamna 15 pale kabisa, kwahiyo filamu hii hii huko ningeiandikia 16. Ujerumani ni 0, 6, 12, 16, 18. Na hizi namba zinabadilika na wakati, Marekani mfumo wao ulianza mwaka 1968 bila PG-13, wakaja kuiongeza mwaka 1984 baada ya wazazi kulalamika kwamba kati ya PG na R kuna pengo kubwa. Mkitaja hilo kwa sentensi moja mwalimu ataona mnaelewa kwamba umri unapangwa na watu kwa kusikiliza wazazi na watazamaji wa wakati huo.

posta_na_trela:
Wakuu mambo mawili matatu ya upande wangu.

Alama. Zile alama za BBFC na zile za Marekani ni alama za biashara zilizosajiliwa, huruhusiwi kuzibandika kwenye filamu ambayo hawajaiangalia wao. Kwa ripoti ya darasani andikeni "tunapendekeza 15 kwa kufuata miongozo ya BBFC" na inatosha. Mkija kuiweka hadharani, iwe YouTube au tamasha, msiweke ile alama ya duara, andikeni kwa maneno yenu tu, mfano "Haishauriwi kwa walio chini ya miaka 15. Ina ukatili, lugha nzito na kudokezwa kwa kujiua". Hayo maneno mafupi kwa kweli yana faida kuliko namba, maana mzazi au mwalimu anajua anakutana na nini, na yule ambaye kafiwa na ndugu kwa namna hio anaweza akaamua mapema kutoangalia.

Trela. Filamu ikiwa 15 haimaanishi trela nayo 15. Mtu anayeangalia filamu kachagua kukaa pale, trela inamkuta tu hajajiandaa, ndo maana hata bodi huwa kali zaidi kwenye trela. Kwahiyo ile sauti ya sinki msiiweke kwenye trela hata kama mnaipenda, na tusi pia toeni.

YouTube. Wakiifungia kwa umri basi anayetaka kuiangalia lazima awe ameingia kwenye akaunti na awe na miaka 18, na hapo mmewapoteza watu wenu wote. Hio nayo ni sababu nyingine ya kukata vidonge.

Kingine nje ya swali, umesema rafiki anapandisha ngazi mbio. Kama pale mmeweka taa inayowaka na kuzima haraka haraka, wekeni tahadhari mwanzoni kwa ajili ya watu wenye kifafa. Hilo halihusiani na umri.

fremu_moja:
Dah, asanteni sana jamani, sikutegemea kupata majibu ya namna hii. Mama mzazi_mtazamaji shikamoo, na asante, nimewasomea wenzangu ulichoandika na hakuna aliyebisha hata dairekta. Vidonge vinatoka. Tunarudia ile sini, mlango umefungwa na simu inaita nje, dairekta mwenyewe kasema anataka kamera ibaki kwenye simu mpaka kioo kizime. Na ndio, jina la dawa lilikuwa linasomeka.

Karatasi ya dakika tumeifanya na kweli imetusaidia kuliko ubishi wote. Tumegundua kitu ambacho hatukukiona mwanzo, kwamba sini ya chooni kuna msichana mmoja anacheka wakati Zuhura anapigwa, na kile kicheko kinaumiza kuliko hata kipigo. Ye dairekta anasema kicheko kibaki, mhariri anasema kikibaki basi 12 ndo tuisahau. Sasa swali langu la mwisho, kicheko nacho kinaingia kwenye hesabu ya umri? Maana sio damu, sio tusi, sio chochote kwenye ile orodha.

mpenda_kanuni:
Kinaingia, na mimi nimefurahi mmekiona. Kinaingia kwenye upande wa hali ya jumla na namna kinavyomuacha mtazamaji. Ukatili unaofanywa kwa raha, mtu anadhalilishwa na wengine wanafurahia, unapimwa kwa uzito zaidi kuliko ngumi mbili za watu wanaogombana sawa kwa sawa. Ila lazima muangalie filamu inamchukuliaje huyo anayecheka. Kama anacheka alafu filamu inaenda zake, mtazamaji mdogo anaweza akabaki na hisia kwamba ni kitu cha kuchekesha. Kama baadae tunamuona huyo huyo yuko peke yake na ile video kwenye simu yake hajui aifute au afanyeje, basi kicheko kimepata kazi yake na hapo unaweza kukitetea kwenye 15 bila wasiwasi.

mkasi_na_gundi:
Naunga mkono. Na kwa mhariri wenu ambaye anataka wa madarasa ya chini waione, hoja yake ni nzuri na msiitupe, iwekeni kwenye ripoti. Andikeni kwamba mliifikiria 12, mkaeleza ni vitu gani vilivyozuia, sauti ya sinki, kicheko, tusi, na kwamba kuvitoa kungeufanya uonevu uonekane mwepesi kuliko ulivyo. Mwalimu anapenda kuona daraja mlilolikataa na sababu yake. Alafu kama mna muda baada ya kukusanya, mhariri akate toleo la pili la hao wadogo, bila tusi, sinki isikike kwa mbali nyuma ya mlango, tubaki na uso wa rafiki yake aliyeko nje kwenye korido anasikia na hajui aingie au asiingie.

fremu_moja:
Hio ya korido naipeleka kwa mhariri sasa hivi. Kwenye ripoti tunaandika 15, na chini yake ile sentensi ya posta_na_trela ya ukatili, lugha nzito na kudokezwa kwa kujiua. Kama kuna mwenye namna nzuri zaidi ya kuiandika hio sentensi aniambie, tunakusanya Ijumaa.

mzazi_mtazamaji:
Marahaba mwanangu. Sentensi iko sawa, ongezeni "na uonevu wa shuleni", maana kuna mtoto atakayetaka kujua hilo kabla hajabonyeza.